UCHAMBUZI: Tovuti za picha tupu zawafungia vipofu nje

OFISI nyingi nchini zina mazoea ya kuchapisha tangazo, kuligonga muhuri, kisha kulipiga picha na kulitundika kwenye tovuti. Kipofu hutegemea programu inayomsomea maandishi kwa sauti. Ikikutana na picha isiyo na maelezo, programu hiyo hunyamaza.

Kosa hili liliamuliwa zamani. Mnamo Juni 1999, Bruce Maguire, kipofu wa Australia, aliwashtaki waandalizi wa Olimpiki za Sydney mbele ya tume ya haki za binadamu. Picha katika tovuti yao hazikuwa na maelezo ya maandishi, na majedwali ya matokeo hayakusomeka. Waandalizi walidai marekebisho yangekuwa ghali mno. Tume haikushawishika. Agosti 2000 ilimpa Maguire ushindi, na agizo lake lilipokosa kutimizwa kikamilifu, ikaamuru alipwe fidia ya dola 20,000 za Australia.

Ajabu ni kwamba anayeficha maandishi hujidhuru mwenyewe pia. Google hutumia maelezo yayo hayo kutambua picha inahusu nini. Naye mwenye simu ndogo humaliza bando akivuta faili nzito asiyoweza kuisoma.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinawapa walemavu haki ya kupata habari. Mwaka wa 2023 serikali ilitangaza huduma zaidi ya 5,000 katika eCitizen. Kipofu anayeshindwa kujaza fomu peke yake hulazimika kumkabidhi mhudumu wa saiba nywila yake, pamoja na siri zote zilizomo.