Usililie Duka la Visu, Noa Kisu Chako

Jumamosi moja tulikuwa watu wanne kwa nyumba ya rafiki yangu Ruiru, ghorofa ya tatu, tukingoja ugali uive. Kwa simu ya mmoja wetu kulikuwa na video ya duka la visu la zamani huko Marekani: kabati za vioo, visu vimepangwa juu ya kitambaa chekundu, na mzee wa aproni anafungua katalogi ambayo kurasa zake zimegeuka manjano. Ulikuwa unachagua kisu kwa picha, unatuma pesa kwa posta, unangoja wiki nyingi, halafu kifurushi kinafika. "Manze, siku hizo vitu vilikuwa na heshima," mmoja akasema. Tukaitikia wote. Mimi pia niliitikia, sitajitoa.

Wakati huohuo, chini kwa geti, kengele ya baiskeli ilikuwa inalia. Kulikuwa na mtu anaita: "Visuuu! Panga! Makasi!" Hakuna aliyesimama. Jikoni mwenye nyumba alikuwa anapigana na nyanya kwa kisu ambacho hakikati, kinaponda tu. Kengele ikapita, ikaenda ploti inayofuata, ikapotea.

Makala haya ni ya kutugombeza sisi wanne, pamoja na yeyote anayetufanana. Tuna ugonjwa wa kulilia vitu ambavyo havikuwa vyetu, huku vilivyo vyetu vinapita mlangoni vikipiga kengele.

Tuanze na hiyo katalogi. Ndiyo, ilifika Kenya. Duka la Army & Navy la London lilikuwa linachapisha katalogi nene ajabu, nyingine zenye kurasa zaidi ya 1,000, na maafisa na walowezi wa himaya nzima waliagiza humo kila kitu, kuanzia hema hadi uma wa mezani. Lakini aliyekuwa anaagiza ni nani? Si babu yako. Reli ilifika Thika mwaka 1913 ili kubeba mazao ya mashamba ya walowezi, na miaka hiyohiyo mtoto Elspeth Huxley aliletwa Thika na wazazi wake waliokuja kulima kahawa. Mwaka 1959 alichapisha kumbukumbu zake, The Flame Trees of Thika, na mwaka 1981 Waingereza wakazitengenezea tamthilia ya televisheni. Kwa hivyo Thika ni mji ambao tayari umeshaliliwa na dunia nzima, na katika kilio hicho watu wetu ndio wanaobeba mizigo na kupika chai. Ukitamani ulimwengu wa katalogi, jiulize kwanza ungekuwa unasimama upande gani wa kaunta.

Kabla ya katalogi na kabla ya duka la Muhindi, visu vilikuwa vinatengenezwa hapahapa. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, anaeleza kazi ya uhunzi kati ya Wagikuyu: mchanga wenye chuma unasafishwa kwa maji, unayeyushwa kwa makaa na mivukuto, kisha mhunzi anafua panga, kisu, mkuki. Mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa, laana yake haikuchezewa. Halafu bidhaa za chuma zikaja kwa meli, rahisi na nyingi, na tanuru zikazimika moja baada ya nyingine. Duka tunalolililia ndilo lililofunga duka letu. Hilo halimo kwenye video.

Au chukua Okapi, kile kisu cha kukunja chenye mpini wa mbao na pete ya kuvuta, ambacho wazee wengi wa Afrika Mashariki wanakijua. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani Afrika, Tanganyika ikiwemo. Kiliitwa jina la mnyama wa misitu ya Kongo, kikatengenezwa Ulaya, kikauziwa Mwafrika. Siku hizi kinatengenezwa Afrika Kusini. Ni kisu kizuri, sikatai. Lakini kwa miongo mingi mtu wetu katika hadithi hiyo alikuwa mteja tu, na sisi tunataka kurithi hiyohiyo nafasi ya mteja kisha tuite utamaduni.

Sasa, sitaki kuwa mjinga wa upande wa pili. Zile hadwea za zamani zilikuwa na kitu. Shosho yangu alikuwa na panga ya alama ya Mamba, ya kutoka Uingereza, aliyoinunua kwa duka la Muhindi Thika kabla mamangu hajazaliwa. Anasema mwenye duka alimwachia aishike, aipime uzito, aigonge kwa ukucha asikie inavyolia. Panga hiyo ililima, ikakata miti, ikachinja mbuzi wa sherehe. Ilinolewa miaka mingi hadi ikawa nyembamba, na mwishowe ikakatwa ncha ikawa kisu cha kukatia sukuma wiki. Bado iko. Inashika kutu ukiiacha na maji, lakini ukiipitisha kwa jiwe mara kumi inanyoa nywele za mkono.

Hapo ndipo siri ilipo, na si siri ya duka. Chuma cha panga ya shosho ni chuma cha kaboni. Kinashika kutu, ila kinakubali makali haraka. Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu ndani yake, na Harry Brearley alikigundua Sheffield mwaka 1913, mwaka uleule reli ilipofika Thika. Mafundi wa Sheffield walimcheka mwanzoni, wakasema ameleta visu visivyokata. Baadaye teknolojia ikaboreka, na leo kuna visu vizuri sana vya aina hiyo. Lakini kile cha shilingi mia kwa supamaketi, chepesi kama kifuniko cha sufuria, kimetengenezwa kwa chuma laini ili king'ae kwa rafu. Makali yake yanakaa wiki mbili. Kisha tunakitupa kwa droo, tunanunua kingine.

Na wale wenye pesa kidogo wameangukia mtego mwingine. Wanaagiza mtandaoni kisu cha "Damascus" chenye mawimbi mazuri ubavuni. Mawimbi ya kweli yanatokea pale mhunzi anapounganisha tabaka za vyuma viwili tofauti kwa moto na nyundo, akakunja, akafua tena, halafu asidi ikafichua tofauti zake. Vingi vya bei rahisi vimechorwa tu juu kwa leza. Unavinoa mara chache, mchoro unafutika. Umenunua picha ya ufundi, na fundi mwenyewe hukumlipa hata ndururu.

Baada ya ile Jumamosi niliona aibu. Wiki iliyofuata, Thika, ninakoishi, nilibeba visu vitatu na makasi ya mamangu nikaenda kumtafuta mnoaji ambaye huwa anakaa karibu na steji. Baiskeli yake ni ile nyeusi ya zamani. Akifika anaiinua kwa stendi ili gurudumu la nyuma lizunguke hewani, anafunga mkanda kutoka gurudumuni hadi jiwe lililo mbele ya kiti, anapanda, anapiga pedali kama anaenda mahali. Haendi popote. Jiwe linazunguka, cheche zinaruka.

Nikamwambia, "Fundi, hiki kimekufa kabisa."

"Hakuna kisu kinakufa, kijana. Kinasahaulika tu."

Kisha akanifundisha bila kuniambia kwamba ananifundisha. Ulaze ubapa chini kiasi, usiusimamishe sana, la sivyo unapata makali mafupi na manene yasiyokata vizuri. Usikandamize. Ukiona rangi ya bluu kwenye ncha, umekwisha: joto limelainisha chuma na hapo hapatashika makali tena hadi uuondoe huo upande wote. Ndiyo maana ana kopo la maji kando na anachovya kila baada ya kupitisha mara mbili tatu. Mwisho akasugua kinoo cha mkono taratibu kuondoa ule uzi mwembamba wa chuma unaobaki ukingoni. Akapitisha kidole gumba kukatiza makali, si kuyafuata, akanipa. Nilikata gazeti likajigawa bila sauti.

Hapa lazima nikiri kitu. Nilikaa chuoni miaka miwili na nusu nikisomea uhandisi wa mitambo kabla sijaacha. Ule mchoro wa chuma na kaboni niliukariri, nikaujibu kwa mtihani, nikapata alama nzuri. Katika muda huo wote hakuna aliyenipa kipande cha chuma nikipashe moto nione kikibadilika rangi. Mzee wa baiskeli alinieleza kwa dakika kumi, kwa mikono yake, kile ambacho slaidi arobaini hazikuwahi kunielewesha. Nilimuuliza kama kuna kijana anayejifunza kwake. Akacheka. Wanawe wanaona haya hata kumsalimia akiwa kazini, akasema. Kijana mmoja alikuja siku mbili, akaenda kuendesha bodaboda. Simlaumu huyo kijana. Bodaboda ina wateja.

Na wateja ndio mimi na wewe.

Najua utakachosema. Kwanza, "kisu ni kitu kidogo, nunua kingine." Sawa, piga hesabu. Mimi nilikuwa nanunua kisu cha mia kila baada ya miezi mitatu. Fundi alininolea kwa hamsini, na nikipitisha kinoo mwenyewe nyumbani, nitamwona tena baada ya miezi kadhaa. Halafu kisu kizuri cha wahunzi wa Kamukunji, kilichofuliwa kwa springi ya lori kuukuu, kinaweza kukaa kuliko kodi zako zote za nyumba. Springi ya lori ni chuma kizuri: imetengenezwa kupinda na kurudi maelfu ya mara bila kuvunjika. Mhunzi anaipasha hadi iwe nyekundu, anaifua, anaizimisha kwa oili, anaipasha tena kidogo ili isiwe kavu kama glasi. Hiyo ni sayansi, hata kama hakuna cheti ukutani.

Pili utasema visu vina jina baya, panga hasa. Ni kweli. Kizazi chetu kilikua kikisikia habari za 2007 na 2008, na kila wiki kuna hadithi ya mtu aliyeporwa kwa kisu. Mamangu mpaka leo anafunika panga kwa gunia. Lakini nenda Kamakis jioni uangalie anayekukatia nyama choma: kabla ya kila mguu wa mbuzi anapitisha kisu kwa chuma cha kunolea, tsaa tsaa, bila hata kutazama. Nenda kwa mama anayeuza mananasi ya Thika kando ya barabara, anavyozungusha macho yote ya tunda na kuyatoa kwa mstari mmoja. Hao wanaishi kwa makali. Na mtu yeyote wa jikoni atakwambia kwamba kisu butu ndicho hatari, kwa sababu unakikandamiza, kinateleza, kinaingia kidoleni.

Tatu, na hili ndilo pingamizi la maana, utasema ninapamba umaskini. Hapana. Fundi ananyeshewa na mvua akiwa juu ya baiskeli na mgongo unamuuma. Hana haja ya makala yangu wala ya picha yako ya Instagram yenye cheche. Anahitaji visu vitano kwa siku zaidi ya anavyopata sasa. Huko Sheffield kwenyewe, mji ambao visu vyake vilijaa kwenye hizo katalogi, mafundi wadogo wa kujitegemea wamebaki wachache mno, na sasa wanatengenezewa filamu za huzuni. Mtu haanzi kutengenezewa filamu za aina hiyo mpaka wateja wawe wameshaondoka. Sisi bado tuko kabla ya filamu. Tukikosa kuitumia nafasi hiyo, miaka ishirini ijayo tutakaa tena kwa kochi tukisema siku hizo baiskeli zilikuwa zinapita na kengele, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyezifukuza.

Na ukiitaka katalogi kweli, itengeneze. Vifaa vyote unavyo mfukoni. Nenda kwa mhunzi, piga picha za visu vyake juu ya kitambaa, andika urefu, chuma kilikotoka, mpini wa mti gani, na bei ambayo yeye mwenyewe ameitaja. Mwombe agonge alama yake kwenye ubapa, ili kisu kiwe na mwenyewe kama ile Mamba ilivyokuwa na mwenyewe. Tuma kwa WhatsApp. Mteja wa Nakuru atalipa kwa M-Pesa, mzigo utapanda matatu asubuhi, jioni ameufungua.

Ila hiyo inaweza kungoja hadi mwisho wa mwezi. Cha leo ni rahisi zaidi. Fungua droo, toa vile visu vyote vilivyosahaulika, vifunge kwa gazeti, uviweke karibu na mlango. Kwa ile ploti ya Ruiru fundi hupita Jumamosi, kama saa saba mchana. Nimeshamwambia rafiki yangu ashuke.