Nyama Mbichi kwa Mbwa: Ujinga Tunaoufuga Nyumbani

Ndugu wananchi wa Bukoba na Muleba, kila mwisho wa mwaka twajua linalotokea kwetu. Watoto wa Buhaya walioko Dar es Salaam, Mwanza na Kampala hurudi nyumbani kwa Krismasi. Vibanja huchangamka, ng'ombe na mbuzi huchinjwa chini ya migomba. Furaha hiyo ni haki yetu, wala hatuipingi. Tunalopinga ni jambo linalofanyika pembeni, dakika chache baada ya kisu. Mtu huchukua pafu, au kipande cha ini lenye uvimbe ambalo hakuna mtu atakayelila, akamtupia mbwa. Watu hucheka, mbwa hula. Kesho yake mbwa yule yule amelala mlangoni, na mtoto anamshika manyoya, kisha anatia mkono mdomoni.

Ukiuliza kwa nini, utajibiwa: "Mbwa wa ulinzi lazima ale nyama mbichi, ndipo awe mkali." Maneno hayo tumeyasikia Kemondo, tumeyasikia Kamachumu, tumeyasikia Nshamba, kwa wazee na kwa vijana wenye simu za kisasa. Twasema waziwazi: ni uongo. Ukali wa mbwa hautoki katika damu ya ng'ombe. Mbwa hulinda nyumba kwa sababu ni kwake, kwa sababu amefundishwa, na kwa sababu ameshiba. Mbwa mwenye njaa halindi kitu. Usiku mwizi akija, yeye yuko machinjioni anagombania utumbo.

Wapo pia wasemao ati nyama mbichi humtia mbwa kichaa. Hilo nalo si kweli, na tusipinge uongo mmoja kwa uongo mwingine. Kichaa cha mbwa huenezwa na mate ya mnyama mgonjwa, hasa akiuma, na kinga yake ni chanjo. Hatari ya mapafu na maini mabichi ni nyingine, nayo ni ya kimya zaidi.

Hatari hiyo ni tegu mdogo, ambaye wataalamu humwita ekinokokasi. Hafiki hata sentimita moja, lakini ndani ya utumbo wa mbwa mmoja wanaweza kuwamo maelfu. Mbwa haonyeshi dalili yoyote. Anakimbia na kubweka kama kawaida. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake, yakabaki ardhini miezi mingi, kwenye majani, kwenye mboga na kwenye maji. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe huyala, na ndani ya maini na mapafu yao huota mifuko ya maji. Tukimpa mbwa mfuko huo mbichi, duara limefungwa, na mchezo unaanza upya.

Binadamu akiyameza mayai hayo, mfuko ule ule huota ndani yake. Hukua polepole kwa miaka, hata ukawa mkubwa kama chungwa au zaidi. Dawa zipo, lakini mara nyingi hapana budi kupasuliwa. Jirani zetu wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, waliteswa sana na ugonjwa huu, hata madaktari wa AMREF wakaanzisha kampeni ya kuupiga vita mwaka 1983. Wafugaji wa Ngorongoro, katika nchi yetu wenyewe, wanaujua. Tegu huyu hachagui kabila. Anapokuta mbwa, pafu bichi na mkono wa mtoto mahali pamoja, amepata makao.

Sasa yupo msomi wa mjini atakayetucheka. Atasema huko Ulaya na Australia watu wenye fedha wanawalisha mbwa wao nyama mbichi, na kwamba ndiyo maumbile ya mbwa. Ni kweli, mwaka 1993 daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, alitoa kitabu cha kutetea chakula cha namna hiyo. Lakini msomi huyo asome mpaka mwisho. Mwaka 2012 Chama cha Madaktari wa Mifugo cha Marekani kiliwashauri watu wasiwape mbwa na paka nyama isiyopikwa, kwa sababu ya vijidudu kama salmonela vinavyoweza kumwingia hata mwenye mbwa. Hayo ni kwa nyama ya duka lenye jokofu na mhuri wa mkaguzi. Je, pafu lililokataliwa chini ya mgomba lina mhuri wa nani?

Lakini hatutamlaumu mwananchi peke yake. Tulifika kwenye gulio moja, hatulitaji jina, tukakuta ng'ombe anachinjwa juu ya sakafu isiyo na uzio. Shimo la kutupia mabaki halikuwepo. Mbwa tuliohesabu walikuwa 11, wamekaa duara kama wajumbe wa mkutano, wakingoja posho. Ushuru wa kuchinja ulikuwa umekwisha kutozwa. Twauliza: ushuru ule unajenga nini, ikiwa haujengi uzio wala shimo? Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ipo tangu mwaka 2003. Sheria ya nyama, iliyoleta Bodi ya Nyama Tanzania, ipo tangu mwaka 2006. Sheria isiyojengewa hata ukuta wa matofali ni karatasi tu.

Wala tusidhani dawa ni kuwapiga mbwa risasi au kuwatoza watu faini bila kuwaeleza. Mwaka 1937 wazee wetu wa Bukoba walizikataa kwa ghasia kanuni za kahawa walizoletewa na wakoloni kama amri. Mhaya ukimweleza, atakusikia. Ukimwamrisha, atakuuliza wewe ni nani. Tazameni mwaka 2023, maradhi ya Marburg yalipoingia Bukoba Vijijini na kuua watu 6. Wananchi walielezwa, wakanawa mikono, wakaacha kupeana mikono hata misibani, jambo gumu kwetu. Yalitangazwa mwezi Machi, na mwezi Juni yakatangazwa kuwa yamekwisha.

Wengine walituonyesha njia. Iceland iliteswa na tegu huyu huyu. Mwaka 1864 kijitabu cha kueleza maisha yake kiligawiwa nyumba kwa nyumba, watu wakasoma, wakaanza kufukia na kuchoma mabaki, maradhi yakatoweka. New Zealand ilitunga sheria yake mwaka 1959, na mwaka 2002 ikatangaza kuwa imemshinda. Silaha zao zilikuwa elimu, moto, jembe na dawa. Je, ni ipi kati ya hizo isiyopatikana Muleba?

Kwa hiyo twataka mambo manne.

Kwanza, kila anayechinja nyumbani amwite mkaguzi wa nyama. Pafu au ini lenye mifuko ya maji lichomwe, au lifukiwe katika shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.

Pili, mabaki mengine anayopewa mbwa yachemshwe kwa muda wa nusu saa. Asiye na kuni za kutosha ampe mbwa ugali na dagaa waliopikwa, au ndizi zilizobaki jikoni. Mbwa atalinda vile vile.

Tatu, Halmashauri zijenge uzio na shimo katika kila machinjio inayotoza ushuru, kabla ya kununua samani mpya za ofisi. Bwana mifugo apewe dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa, aende nazo vijijini, asingoje mbwa wapande basi kumfuata mjini.

Nne, walimu wafundishe maisha ya tegu huyu darasani kwa picha ubaoni. Mtoto akielewa, atamzuia baba yake mkono kabla pafu halijatupwa.

Tangu Uhuru wa mwaka 1961 twatangaza kwamba maadui wetu ni ujinga, umaskini na maradhi. Hapa maadui wote watatu wamekaa sahani moja, na sisi ndio tunaowaandalia. Krismasi haiko mbali. Kabla ya kunoa kisu, chimba shimo.