Samaki akiugua, tibu maji kwanza

Ngarambe ya bonde la Rufiji ikitajwa, wengi hukumbuka Kinjekitile Ngwale na Vita vya Majimaji vilivyoanza mwaka 1905. Wachache wanajua kwamba bonde hilohilo limewapa wafugaji wa Ulaya mmoja wa samaki wazuri kabisa wa mapambo. Jina lake la kisayansi ni Nothobranchius eggersi, alilopewa na Mjerumani Lothar Seegers mwaka 1982. Makazi yake ni madimbwi ya msimu wa mvua. Urefu wake hauzidi kidole, na dume hung'aa kwa rangi. Dimbwi likikauka wote hufa, mayai yakabaki ndani ya tope yakisubiri mvua nyingine.

Kiumbe wa msimu mmoja namna hiyo atibiwe ya nini? Wanaomfuga ughaibuni hawaulizi swali hilo. Adui mkubwa wa jamii hii ya samaki ni kimelea kiitwacho Oodinium. Mgonjwa hukunja mapezi, hujisugua kwenye mawe na kususa chakula. Taa ikizimwa na samaki akamulikwa tochi kutoka ubavuni, ngozi huonekana imetapakaa kitu kama vumbi la dhahabu. Hapo mfugaji huongeza chumvi kidogo majini, gramu moja au mbili kwa lita, na kuliacha tangi gizani, kwa sababu kimelea hicho hujipatia sehemu ya chakula chake kutokana na mwanga.

Huku kwetu samaki wa mapambo hupendezesha hoteli, ofisi na sebule, lakini akianza kuelea ubavu huopolewa na kutupwa, akanunuliwa mwingine. Samaki ni samaki tu, watu husema.

Hoja hiyo haina mashiko. Mwaka 2003 mtafiti Lynne Sneddon na wenzake nchini Uingereza walionyesha kwamba kichwani mwa samaki aina ya trauti kuna mishipa ya fahamu inayohisi maumivu. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Anayemweka kiumbe ndani ya kioo amemnyima njia ya kukimbilia maji mengine. Kumhudumia ni wajibu wake.

Na huduma yenyewe mara nyingi haihitaji duka la dawa. Samaki wengi wa tangini huponzwa na maji. Kinyesi na chakula kilichobaki huzalisha amonia, ambayo huunguza matamvua, na ndiyo maana mgonjwa huonekana juu ya maji akitweta. Kinachomwokoa ni bakteria wanaoishi kwenye sponji ya chujio na changarawe, ambao huigeuza amonia kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Katika tangi jipya huchukua wiki kadhaa kabla hawajatosha. Mwenye tangi anayependa usafi kupita kiasi huikamua sponji chini ya bomba, klorini ikawaua bakteria wote, kisha akashangaa samaki kufa baada ya siku chache.

Basi hatua ya kwanza ni kupunguza chakula na kubadilisha robo au nusu ya maji, siyo yote. Maji ya bomba yalale kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini itoke, yawe na joto sawa na ya tangini, na sponji isuuzwe kwa maji yaliyotolewa tangini humohumo. Kufungua kapsuli ya tetrasaiklini na kuimwaga majini kwa kubahatisha ni kosa: huwaua bakteria wema na kuwafundisha wabaya usugu.

Kwa magonjwa mazito, utaalamu upo. Mwaka 2014 huko Melbourne, Australia, daktari Tristan Rich alimfanyia upasuaji samaki wa dhahabu aitwaye George, akamtoa uvimbe kichwani, na samaki akapona. Hata dawa ya kuwalaza samaki haiko mbali nasi: mafuta ya karafuu, kama yale yanayotengenezwa Pemba, hutumika kwa kazi hiyo. Dozi kubwa humpumzisha bila mateso samaki asiye na matumaini tena.

Wauzaji wa samaki wa mapambo wasiishie kufunga mfuko wa plastiki na kupokea hela. Wamweleze mnunuzi habari ya klorini, ya chujio na ya kiasi cha chakula. Madaktari wa mifugo nao wasimcheke anayebisha hodi na samaki ndani ya ndoo. Na aliyeshindwa kabisa asimmwage mgonjwa wake mtoni wala bwawani: samaki wengi wa dukani wana asili ya nchi za mbali, na vimelea vyao vinaweza kuwadhuru samaki wetu wa kitoweo.