Wati Nyingi Si Sauti Kubwa

Siku chache kabla ya mvua za kwanza mpwa wangu alinipigia simu kutoka Tabora. Sauti yake ilijaa furaha. "Shikamoo Mjomba! Spika nimekwisha kuipata. Ina wati 500!" Nikaitikia salamu yake, nikaweka kikombe cha chai mezani, nikamwuliza kama fedha amekwisha kuzitoa. Akasema bado. Nikamshukuru Mungu.

Mashine iliyohitaji spika ni amplifaya ya gitaa aliyoiacha marehemu baba yangu, ambaye ni babu yake kijana huyo. Ni kasha la mbao linalobebeka kwa mkono mmoja. Ndani yake mna valvu tatu za kioo, na nguvu yake yote ni wati 5. Baba aliipigia gitaa la rithim katika enzi ambazo Tabora ilisifika kwa Kiko Kids ya Salum Zahoro na kwa Tabora Jazz ya Shem Ibrahim Karenga. Na huko Dar es Salaam ilivuma Western Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Iddi Nhende, mwenyeji wa Nzega. Baba alipofariki, mashine ilikaa stoo. Panya wakaitafuna karatasi ya spika.

Mama yangu aliamua iuzwe. "Kitu kisichosema," alisema, "kinakula nafasi tu." Mpwa wangu akamwomba bibi yake ampe muda mpaka mwisho wa mwezi. Akiba yake ilitokana na asali aliyorina msituni, nayo ilitosha kununua spika moja tu. Kama angekosea, mashine ya babu ingeondoka.

Basi nikamweleza, na leo nawaeleza ninyi, maana vijana wa kwaya na wa bendi ndogo wenye mashine za namna hii hukutana na jaribu hilo hilo dukani.

Kwanza, wati zilizoandikwa kwenye spika hazielezi sauti itakayotoa. Zinaeleza nguvu inayoweza kuistahimili bila kuungua. Spika ya wati 500 iliyofungwa kwenye mashine ya wati 5 haiongezi hata wati moja; hupokea zile zile tano. Na kama karatasi yake ni nene na nzito, kama zilivyo nyingi za besi za magari, zile tano huishia katika kuisukuma karatasi yenyewe.

Kinachoeleza sauti ni wepesi wa spika kuitikia, nao hupimwa kwa desibeli: hupewa wati 1, kisha sauti ikapimwa umbali wa mita 1. Spika nzuri za gitaa aghalabu hufikia desibeli 95 hadi 100. Spika nyingi kubwa za besi za magari huwa kati ya 85 na 90. Mtu anaweza kuiona tofauti hiyo kuwa ndogo, la hasha. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuizidisha nguvu ya mashine mara mbili, na desibeli 10 ni sawa na mara kumi. Kwa hiyo wati 5 katika spika ya desibeli 98 husikika sawa na wati 50 katika spika ya desibeli 88. Mwenye mashine ndogo na akitazame kipimo hiki kabla ya kingine chochote cha sauti. Spika ya Celestion iitwayo Blue, ambayo ilitumika katika mashine ya Vox AC30 ya Uingereza, hustahimili wati 15 tu; lakini desibeli zake ni 100, na ukumbi mzima huisikia.

Hata hivyo wati za spika zisidharauliwe. Mashine ya valvu ikipigwa kwa nguvu hutoa zaidi ya kiasi kilichoandikwa. Yafaa spika istahimili angalau mara mbili ya nguvu ya mashine. Kwa wati 5, spika ya 15 au 25 inatosha kabisa.

Pili ni omu, na hapa ndipo penye hatari. Mafundi huiita omu ya spika "mzigo" wa mashine, na mtu wa Tabora hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe na kufika Ujiji, mpagazi wa Kinyamwezi alichukua kiasi cha ratili 60 hadi 70. Aliyetwishwa kupita kiasi aliweza kusimama na kuondoka kambini. Mabega yalimshinda njiani. Transfoma ya mashine nayo imefumwa kwa mzigo wake maalumu, mathalani omu 8. Ukiitwisha spika ya omu 4 italia leo na kesho, nawe utadhani mambo ni mazuri, kumbe valvu na transfoma zinachoka. Spika ile ya gari ilikuwa ya omu 4.

Kama maandishi nyuma ya mashine yamefutika, spika ya zamani yaweza kutoa ushahidi, hata ikiwa karatasi yake imeliwa, ili mradi koili yake haijakatika. Ichomoe mashine kabisa kwenye umeme, tenganisha waya za spika, uipime kwa mita. Mita husoma pungufu ya omu yenyewe: spika ya omu 8 husoma kiasi cha 6 au 7, na ya omu 4 husoma kiasi cha 3. Mpwa wangu alipima akapata 6.3. Tukajua kwamba mzigo wa mashine ni omu 8.

Tatu ni umbo. Tundu la mbao lilikuwa la inchi 10. Spika ya inchi 12 hujaza sauti za chini vizuri zaidi, na ya inchi 8 hulia kwa wembamba. Lakini kulikata kasha la marehemu hapakuwa na haja. Pima pia kina, sumaku isije ikagusa valvu au transfoma. Kuhusu sumaku, zipo za alniko na zipo za kauri. Za alniko husifiwa kwa kulainisha sauti zinaposukumwa sana, nazo ni ghali. Mwenye akiba ndogo asione haya kununua ya kauri, maadamu omu na desibeli zimekubali.

Jambo la mwisho nalisema kwa aibu. Nilipokuwa mvulana niliiwasha mashine hiyo hiyo hali spika imechomolewa, nikacharaza gitaa nikitaka kuona kama valvu zitang'aa zaidi. Mashine ya valvu isiyo na mzigo hukosa pa kupelekea nguvu yake. Volti hupanda ndani ya transfoma mpaka hutoboa vihami vya nyaya. Nilisikia mlio mdogo, kisha harufu ya kuungua. Baba hakunipiga. Alikaa miezi kadhaa bila mashine mpaka alipopata fedha za kufuma transfoma upya, na kila bendi ilipokwenda kupiga, yeye alibaki kibarazani. Ndiyo sababu nilishusha kikombe changu cha chai. Usiiwashe mashine ya valvu bila spika, hata kwa dakika moja. Wala usitie mkono ndani yake: hata baada ya kuzimwa, kapasita zake huweza kuhifadhi volti mia mbili na zaidi. Hiyo ni kazi ya fundi.

Spika tuliyoichagua ilikuwa ya gitaa, inchi 10, omu 8, wati 25, desibeli 97, sumaku ya kauri. Niliipata Dar es Salaam nikaituma kwa basi, ikafika Tabora baada ya safari ambayo wapagazi waliitembea kwa miezi. Ile ya zamani kijana hakuitupa. Koili yake nzima na sumaku yake vinangoja fundi wa kubandika karatasi mpya.

Siku ya kuifunga alinipigia tena, akaiweka simu juu ya meza. Nikasikia nyuzi, nyembamba na safi, kisha mlango ukifunguliwa. Mama yangu alikuwa ametoka jikoni. Hakutaja kuuza. Aliuliza tu, "Nani amemfundisha huyu mapigo ya baba yenu?"