Boma la Biharamulo lilichelewa kujengwa

Majuzi nilikuwa Biharamulo kikazi. Kazi yenyewe haikuhusu historia hata kidogo, ila gari lilichelewa, nikabaki na saa mbili za bure, basi nikaenda kuliangalia boma. Mliowahi kupita pale mnalijua: ngome ya Wajerumani yenye kuta nene, ya mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kijana wa bodaboda aliyenipeleka akaniuliza, "Hivi braza, mtu akilibomoa hili anashtakiwa?" Nikajibu kwa sauti ya mwandishi wa habari kwamba ndiyo, kwanza atafungwa. Ukweli ni kwamba sikuwa na hakika.

Niliporudi nikaitafuta Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979. Jamani, isomeni. Jengo lililojengwa kabla ya 1863 linalindwa moja kwa moja, hata kama hakuna ofisa aliyewahi kulikanyaga. La baada ya hapo linasubiri waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Sasa pigeni hesabu. Wajerumani walianza kujitwalia nchi hii mwaka 1885. Kwa hiyo hakuna boma lao hata moja, liwe la Biharamulo, la Bagamoyo au la Mikindani, linalolindwa kwa sababu ya umri wake. Yote yanategemea kalamu ya waziri.

Kinachochekesha ni kwamba sheria hiyohiyo inaulinda mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940. Inalinda pia vifaa vya mila vilivyotengenezwa baada ya 1863, yaani ngoma ya babu kule Ngara huwezi kuipeleka nje ya nchi bila kibali. Mlango wa 1939 umo, ngome iliyoutangulia kwa zaidi ya miaka 30 haimo mpaka itajwe.

Siwalaumu sana walioandika. Mwaka 1964 uhuru ulikuwa bado mbichi, nani angehangaika na jengo ambalo wazee walilihusisha na kodi na viboko? Nahisi walirudi nyuma miaka 100 hivi wakaweka alama. Kosa ni kuigandisha ile alama. Wangeandika tu "miaka 100", leo boma lingekuwa limeingia lenyewe.

Na si boma peke yake. Mkoa wetu una Katuruka, kule Bukoba, ambako watu walifua chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Hapo sheria haina kigugumizi. Lakini nendeni Rusumo, Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka pale kwa muda wa siku moja hivi, na Benako ikageuka kuwa moja ya kambi kubwa za wakimbizi duniani. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto wao. Kwa kalenda ya 1863, pale hapajatokea kitu.

Wanyama wametushinda. Mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye askari na mipaka. Sina kinyongo na twiga, lakini na kuta nazo zinahitaji mlinzi.

Najua kuna watakaosema tusubiri Dodoma ibadilishe sheria. Mimi naona halmashauri zetu mbili zisijifiche hapo. Tangu sheria ya serikali za mitaa ya 1982 zina uwezo wa kutunga sheria ndogo, na kwenye ushuru wa mazao hazihitaji kukumbushwa na mtu. Orodha ya majengo ya zamani, na katazo la kuyagusa bila idhini, ni kurasa ngapi?

Nitapita tena Biharamulo. Safari hii nitaanzia ofisi za halmashauri niombe hiyo orodha, halafu nikamtafute yule kijana wa bodaboda nifute jibu langu.