Marashi Sio Usafi

Wasee, tuache kudanganyana. Hako kamti ka marashi mnaning'iniza kwa kioo hakaondoi harufu ya ukungu, kanaificha tu. Kuvu haiishi bila unyevu, na unyevu umejificha chini ya kapeti. Toa viti, inua kapeti, anika kwa jua mpaka sponji ikauke kabisa. Sugua na siki nyeupe iliyochanganywa na maji. Badilisha filta ya AC, kagua raba za milango. Maji yakizidi kuingia, umefanya kazi bure.

Na wewe broka unayepulizia marashi gari lililozama kwa mafuriko ya 2024 ndio umuuzie kijana kwa akiba yake yote, huo sio ujanja. Ni wizi. Mnunuzi, gari likinukia sana, inua kapeti kwanza, pesa baadaye.