Hamlet Hakurukwa na Akili

Mwaka 1919 mshairi T. S. Eliot aliandika kwamba Hamlet ya Shakespeare ni tamthilia iliyoshindwa kisanaa, na kwamba wazimu wa Hamlet, mwana mfalme, si kamili wala si maigizo matupu. Hoja hiyo haisimami.

Tangu tendo la kwanza, Hamlet anamtahadharisha rafiki yake Horatio kuwa huenda akajitia kichaa. Mbele ya Polonius, mshauri wa mfalme, anapayuka. Waigizaji wanaofika kasrini anawaelekeza kwa utulivu namna ya kutamka maneno. Kichaa gani huyo anayechagua wa kumpayukia?

Aliyerukwa na akili ni Ophelia, binti wa Polonius. Baba yake kauawa. Anaimba ovyo, anagawa maua, kisha anazama kijitoni. Yeye hakumtahadharisha mtu. Shakespeare kawaweka wote wawili jukwaani ili tofauti ionekane, na inaonekana.